Darubini ya Watu Wawili

"Sasa huko mnazini, Masika, atapanda nani mwingine? Mnazi una benchi?"

Khatib alisema hayo ameegemea ua wa jirani yake. Ilikuwa alasiri ya ishirini na tisa Ramadhani, mwaka wa sitini na mbili, na wawili hao wa kijiji cha Ole walikuwa wakivutana tangu adhuhuri.

Mbele ya Masika ilikuwepo darubini aliyoiunda ili aipandishe mnazini kuutafuta mwezi wa Idi: bomba la bati lenye urefu wa mtu, limetiwa kioo cha miwani mwishoni, na mkononi ana vioo viwili vidogo, achague cha kuweka upande wa jicho. Kimoja kilikuza sana, ila kilionesha kipande cha mbingu kama ukucha. Cha pili kilikuza kidogo, kikaonesha mbingu tele. Kitakachogandishwa hakitoki tena, na lami imeshachemka.

"Juu kule nakwepa moshi wa majiko," alisema. "Redioni si umesikia, Wamarekani wanapanga kuipeleka darubini juu ya mawingu?"

"Wao wana roketi. Weye una mnazi wa Bi Duni, na ruhusa hujaomba."

Mwaka uliopita Masika aliuona mwezi peke yake. Alipokwenda kutoa ushahidi, shehe akamtaka shahidi wa pili, naye hana. Watu wakafunga thelathini, na tangu siku hiyo kila akipita barazani huitwa Bwana Mwezi. Akirudi tena na ushahidi wa mtu mmoja, afadhali ahame kijiji aende Wesha.

"Nakitia kinachokuza sana," alisema. "Nione vizuri."

"Kwani mwaka jana hukuona?"

"Niliona."

"Basi dawa ya macho ya nini? Kwenye kitundu hicho mwezi unapita mara moja. Mpaka weye ushuke miye nipande, ushazama."

Masika alikitia mfukoni kioo kikali, akakipaka lami kile dhaifu, na bomba akaliegesha juu ya kinu, kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Moshi ukabaki kuwa kazi ya mkewe, Bi Mwatum, aliyepita jiko kwa jiko kuomba wapike mapema wazime moto. Walimcheka sana, lakini wakazima.

Jua lilipotua Masika na Khatib walifungua saumu kwa tende na maji. Masika alichungulia kitambo hadi akauona mwezi, akasogeza kichwa tu kumpisha mwenziwe, bomba asiliguse. Khatib akainama. Akakawia.

"Unatafuta mwezi au mke?"

"Nauona. Ila umepinduka."

"Darubini hiyo inapindua kila kitu. Twende."

Shehe aliwahoji kila mmoja mbali na mwenziwe, kwa makini, hasa Masika. Maneno yao yalilingana. Akaandika majina yote mawili, akaagiza ngoma ipigwe kutangaza Idi.

Waliporudi, Khatib alikuwa akielekea kwake, anakoishi peke yake, kwenye jiko lililozimwa tangu alasiri bila kupikwa kitu. Bi Mwatum akamwita kutoka mlangoni.

"Shemeji, huko unakwenda kula majivu? Ingia, tambi zinapoa."