Makubadhi ya Dagane

Kila jua lilipokaribia kuzama, Ardo aliyatoa makubadhi ya marehemu mumewe chini ya kitanda, akayapangusa kwa pindo la shuka, akayavaa. Kisha alitembea nayo kutoka mlangoni hadi chooni, kutoka chooni hadi langoni, akarudi, akipiga hatua ndefu kama mtu aliyeshiba. Akimaliza aliyavua mlangoni, ncha zikielekea ndani, na pembeni akaweka birika la udhu. Mwizi akichungulia juu ya ua wa miiba angeona nyayo mbichi za mwanamume, angeona na viatu vyake, angejiambia kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Yalikuwa makubadhi makubwa ya ngozi ya ngamia. Dagane alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, pande la mtu, sauti yake ikifika nyumbani kabla yake. Homa ilimmaliza njiani akitoka mnadani, na waliomzika walimletea mkewe makubadhi hayo na fimbo. Fimbo iliibwa kabla eda haijaisha, mchana kweupe. Hapo ndipo Ardo alipojua kwamba nyumba ya mjane haina mlango, hata ukiufunga kwa komeo.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Sadiyo, aliyeolewa mbali huko Hadado. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwanzoni wanawake wa mtaa walikuja. Njoo ulale kwetu, walimwambia, au tukuletee binti alale nawe. Lakini Ardo alikuwa na kiburi, na sitamfichia, alikuwa nacho cha kutosha kuwagawia majirani na kikabaki. Aliwaambia asante, shemeji yake Issack huja kulala kila magharibi na kuondoka kabla ya alfajiri kuwahi mifugo. Wanawake wakatikisa kichwa, wakanywa chai yao, wakaenda. Hawakurudia tena kumwambia. Huyo Issack alikuwa Kismayu, na hakuwa amekanyaga Garissa tangu matanga.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wenye kusema. Ya Ardo ilikuwa ndefu, ilikwenda miaka, mpaka vita vikaikuta njiani.

Vita hivyo vya serikali na waasi vilipoingia mwaka wake wa tatu, mtaa ule wa upande wa Galbet ulikuwa umebana kama tumbo la mwenye njaa. Ua mkubwa wa migunga uliuzunguka wote, na lango la mtaa likawa moja. Hakuna aliyekwenda mtoni peke yake. Wanawake waliondoka pamoja na punda wao, askari nyuma yao, na hakuna aliyejua kama askari wale wanawalinda au wanawachunga. Ukingoni mwa Tana, wawili watatu walipiga maji kwa fito kuwatisha mamba, wengine wakachota mbiombio. Kuni zilikatwa pamoja, makaa ya kuwashia moto yaliombwa nyumba kwa nyumba, na kafyu ilipoanza kila mtu alikuwa ndani mwake. Mzee Keynan, mkubwa wa mtaa, alikuwa amewakusanya akawaeleza sharti la serikali bila kulipaka asali: nyumba ikipatikana imeficha mwanamume asiyejulikana, mwenye nyumba atachukuliwa, mbuzi wa mtaa wote watachukuliwa, na njia ya mtoni itafungwa.

Ardo alikuwa pale, alisikia kila neno. Mwenye akili angeyatupa yale makubadhi jioni ileile. Mwanamume ajaye magharibi na kuondoka kabla ya alfajiri, katika mwaka kama ule, alikuwa na jina moja tu, nalo ni shifta, muasi wa msituni.

Hakuyatupa. Habari za Sadiyo zilikuwa zimekatika tangu njia ya Hadado ilipofungwa. Wanawake njiani kwenda mtoni walimsalimu vizuri, wakamsaidia kumpakia punda, kisha mazungumzo yao yakaendelea mbele yake na nyuma yake kama maji yanayopita jiwe. Mwizi naye hakuwa tena na ujasiri wa kuzurura wakati wa kafyu. Ardo alijua hayo yote. Ila alipoyavaa makubadhi yale na kuburuta visigino kwenye mchanga, alisikia uani mwake hatua za Dagane akirudi nyumbani. Muda ule mfupi, kutoka mlangoni hadi langoni, hakuwa mpweke. Ndiyo sababu, na haikuwa nyingine.

Basi asubuhi moja, baada ya lori kupigwa risasi kwenye barabara ya Wajir, askari waliingia mtaani kabla watu hawajafungua milango. Ardo alikuwa amesali alfajiri, usingizi ukamwiba tena juu ya mswala. Alizinduliwa na kishindo. Alipotoka, makubadhi yalikuwa mlangoni, birika kando yake, na uani kulikuwa na askari aliyechutama akitazama mchanga. Huyo alikuwa mfuata nyayo wao. Nyuma yake alisimama sajini, na nyuma ya sajini, upande wa nje wa lango, mtaa wote ulikuwa umesukumwa hapo kutazama.

"Mwanamume," alisema mfuata nyayo. "Mzito kidogo, mrefu. Za jana jioni. Ameingia, hakutoka."

"Yuko wapi?" sajini alimuuliza Ardo.

"Hakuna mtu, afande. Mimi beke yangu," alijibu kwa Kiswahili cha ulimi wa Kisomali.

"Na viatu hivi ni vyako?"

Askari wawili walikuwa tayari ndani. Alisikia kitanda kikipinduliwa, kibuyu cha maziwa kikianguka. Walitoka mikono mitupu, na hilo lilimkasirisha sajini zaidi, maana sasa ilionekana mtu ametoroka.

"Mzee!" alimgeukia Keynan. "Nani analala hapa?"

Keynan alitazama mchanga. Ardo alimwona akiutazama, halafu akainua macho akamwangalia yeye, na machoni mle mlikuwa na huruma iliyomwogopesha kuliko bunduki. Sajini akawageukia askari wake.

"Haya. Mama atakwenda nasi. Na mbuzi wafunguliwe, wote, nyumba hadi nyumba."

Kilio kilipanda langoni. Ardo alifungua mdomo. Jina la Issack lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limezoea kutoka. Akilitaja, atakuwa amekiri kwamba mwanamume huja, na mtaa umekwisha. Ukweli nao ulikuwa mwepesi, maneno machache tu, lakini kuyasema mbele ya watu wale ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Mbuzi wa kwanza akasikika akilia kwa kuburutwa.

"Ni fya kwake mwenyewe!"

Aliyepaza sauti alikuwa Rukiyo, kwa Kiswahili kama hicho, kila v ikigeuka f. Nyumba yake na ya Ardo zilitenganishwa na ua mwembamba wa miiba, wenye upenyo wa kupitishia makaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kuchechemea kidogo, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kimepinda tangu alipokanyagwa na punda. Alijisukuma mpaka mbele ya sajini.

"Fiatu ya bwana yake, afande. Bwana alikufa zamani. Yeye nafaa jioni, natembea, nafua, nalala. Kila siku. Wallahi kila siku. Angalia kisigino, haikukanyagwa fizuri, mguu nacheza ndani ya kiatu. Sisi yote tunajua."

Sisi sote tunajua. Ardo alilisikia neno hilo likiingia taratibu, kama baridi inavyoingia.

Ajabu ya binadamu! Yeye mwenyewe, toka utotoni machungani, aliweza kuangalia mchanga akasema ni nani amepita, amebeba nini, na kama aliondoka na hasira. Alizijua nyayo za kila mtu mtaani. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba watu hao hao, waliokulia machunga yale yale, walikuwa wakizisoma zake kila asubuhi.

"Avae," alisema mfuata nyayo, akisimama na kujikung'uta magoti. "Tuone."

Akavaa. Rukiyo akainama kumkazia kamba. Kisha akatembea, mlangoni hadi chooni, chooni hadi langoni, asubuhi hiyo kweupe, mbele ya wazee, wake zao na watoto wao, akivuta zile hatua ndefu za mtu aliyeshiba. Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka. Walitazama chini wote, kama watu waliopita mahali mtu anaoga.

Mfuata nyayo alilinganisha mpya na za jana. "Ndiye," alisema.

Sajini alivua kofia, akajifuta jasho. Hasira ilikuwa imemtoka, na bila hasira alionekana kijana sana. "Sasa, mama, unaogopa nini hata ufanye hivi?"

"Mwizi," alisema Ardo. "Fisi." Akafikiri kidogo. "Na nyinyi."

Walikwenda. Mbuzi waliachiwa, wakazagaa wakilia kutafuta mazizi yao. Wanawake walitandika punda kwenda mtoni, na lango la Ardo likabaki na watu wawili.

"Mmejua tangu lini?" Ardo aliuliza, sasa kwa Kisomali chao, ambacho hakikumpa pa kujificha.

"Tangu wiki ya kwanza, walaal, ndugu yangu."

"Na Issack?"

"Issack tulimjua hayupo."

"Mkajua niko peke yangu humu miaka yote hii."

Rukiyo alifumbata vidole. "Tulidhani hutaki tujue," alisema. "Mzee Keynan alituambia, mtu akijisitiri, msimfunue. Hata watoto tuliwakanya."

Ndivyo walivyomlinda. Mtaa mzima ulilinda heshima yake kwa adabu isiyo na doa, na heshima ile ikakaa mlangoni kama mbwa mkali, asiingie mtu. Ardo alitaka kumshukuru mwenzake kwa kuokoa roho yake, alitaka pia kumpiga kofi. Hakufanya hata moja. Alisema ana kazi ya kufagia.

Jioni ile hakuyatoa makubadhi. Kwa nani? Alikaa kitandani mpaka kafyu ikapigwa na mtaa ukanyamaza. Muda si mrefu akasikia hatua. Zilitoka upande wa upenyo wa makaa, polepole, zikafika mlangoni, zikasimama. Ardo alijibana ukutani akaziba mdomo kwa mtandio. Wakati kama ule hapakuwa na mtu wa kheri atembeaye nje. Askari wa doria walikuwa wakipiga risasi kwanza na kuuliza baadaye. Mtu yule alisimama muda mrefu. Alipumua. Kisha hatua zikageuka, zikarudi zilikotoka.

Kulipopambazuka, Ardo alifungua mlango kidogo akatazama chini. Nyayo za miguu mitupu, fupi, ya kushoto ikiburutwa, kidole gumba kimepinda. Mbele ya kizingiti zilikuwa zimekanyagana pale pale, kisigino juu ya kidole, za mtu anayetaka kubisha na hajui atasema nini. Rukiyo alikuwa ametoka wakati wa kafyu, akahatarisha roho, na mwenyeji wake alikuwa amejificha nyuma ya mlango asipumue.

Ardo alikaa kizingitini. Alilia, bila kujificha, kwa jambo alilolingoja miaka yote lililokuja akalinyima hata salamu.

Halafu aliinuka. Hakuvaa kitu miguuni. Alizifuata nyayo zile nyuma, akipita kando yake asizifute, mpaka kwenye upenyo wa makaa. Aliinama, miiba ikamshika mtandio, akauvuta, akapita. Mlangoni kwa Rukiyo alisimama kama mwenzake alivyosimama. Kisha akabisha.

"Nani?" sauti ya Rukiyo ilikuwa na hofu.

"Ni mimi," alisema Ardo. "Peke yangu."