Uzi Uliomfuata Mama Mitungi

Pale maabara walimwita Mama Mitungi, maana hakuna aliyezijua tabia za gesi kama yeye. Leza aliishika wifi yake, mke wa kaka yake. Kazi yao ilikuwa kuotesha nyuzi za kaboni: ndani ya chemba ya chuma, mwale wa leza huchoma nukta moja, gesi yenye kaboni huvunjika hapo, na uzi mwembamba kuliko unywele huchipua.

Kwa gesi hiyo peke yake, uzi ulikua mwendo wa konokono. Asubuhi ile Mama Mitungi akaichanganya na gesi nzito. Gesi nzito hulikimbia joto, ile nyepesi yenye kaboni ikabaki imejazana kwenye ncha ya uzi. Alipofikisha nusu kwa nusu, uzi ukachomoka.

"Wifi, taratibu! Utanivunja mkono," mwenzake alicheka, akiirudisha leza nyuma haraka uzi usiipite.

"Haya, zima tupime."

Leza ikazimwa. Uzi haukusimama.

Mama Mitungi akainamia dirisha la kioo. Ncha ilikuwa nyeusi, haina hata chembe ya wekundu wa moto, lakini ilijongea. Akasogea kushoto aone vizuri. Nayo ikapinda kushoto. Akarudi kulia, ikarudi.

"Hebu simama hapa wewe."

Wifi akasimama. Uzi haukumjali.

"Wifi yangu, kitu hiki kinakutaka wewe," akanong'ona, na safari hii hakucheka.

Mama Mitungi akafunga mitungi yote miwili, akawasha pampu ya kunyonya gesi iliyobaki. Sindano ya geji ya shinikizo ikalala kwenye sifuri. Uzi ukazidi kuja, ukagusa kioo usawa wa jicho lake. Akafungua vali ya hewa kwa pupa. Hewa ikaingia kwa kishindo, uzi ukakatika vipande.

Mkuu wa maabara alisoma taarifa yao akatikisa kichwa. "Mmechoka tu, mama zangu." Kesho yake akarudia mwenyewe mchanganyiko uleule. Leza ilipozimwa, uzi ukatulia tuli. Akamwita Mama Mitungi aje ajionee.

Alikataa kuingia. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Mkuu, aliyekuwa bado anatabasamu, akageukia kioo, na tabasamu likamfia mdomoni. Uzi ulikuwa ukigeuka, polepole, kuelekea mlangoni.

Hakuna aliyemuuliza sababu alipoomba kuhamishiwa stoo. Wifi yake alibaki na leza. Wakikutana nyumbani huongea habari za watoto tu.