Nani Alimpiga Picha Bwana Flashi?

Kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Wiki nzima Bi Swali alikuwa akimwambia mkurugenzi wa makumbusho jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeliona: mtu hawezi kuwa mbele ya kamera na nyuma yake kwa wakati mmoja.

"Bwana Flashi huyu hapa," alisema tena, akiigonga picha kwa kidole. "Kofia yake, kitambi chake, meno yote nje. Kama yeye yumo pichani, nani alimpiga?"

"Labda kamera ilijipiga," mkurugenzi alijibu, macho kwenye simu.

Ilijipiga! Bi Swali alitamani kugonga kichwa ukutani.

Maonyesho ya picha za marehemu Bwana Flashi, mwenye studio iliyowapiga picha wakubwa kwa wadogo wa mji ule, yalikuwa yafunguliwe kesho yake. Bi Swali, mtafiti aliyebatizwa jina hilo kwa kuwa haishi kuuliza, ndiye aliyezikusanya. Na katika kukusanya akabaini kuwa nyingi, tena zile nzuri kuliko zote, zilipigwa na mke wa marehemu. Lakini mkurugenzi alishashika lake: bila mjane kusema kwa kinywa chake, na mwanawe mkubwa kutia sahihi, vibao vyote vya chini ya picha vitaandikwa Bwana Flashi. Vilikuwa vinakwenda kuchapwa jioni hiyo hiyo. Baada ya hapo, mama wa watu ndiyo kasahaulika moja kwa moja.

Basi akamfuata mjane nyumbani. Alimkuta sebuleni na huyo mwanawe mkubwa, mwanasheria mwenye mvi, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumjibia mama yake kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo mama. Naomba uniambie, pale studio ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Alikuwa anafagia na kupokea wateja," alisema mwanasheria.

"Kaka yangu, nimemuuliza mama."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa namsaidia tu baba yao," alisema mjane.

"Kumsaidia vipi?"

"Hivi hivi tu. Yeye anapiga soga na wateja, anawachekesha, mimi nabonyeza."

"Unabonyeza kamera?"

"Sasa nitabonyeza nini kingine?"

"Kwa hiyo mpiga picha ni wewe!"

"Aa, usinikuzie mambo. Kubonyeza tu."

"Taa nani alipanga?"

"Mimi."

"Filamu nani alisafisha?"

"Mimi. Yeye giza la chumba cha kusafishia lilikuwa linampa kichefuchefu."

"Sasa yeye alifanya nini, mama?"

"Si ndiye mwenye studio!"

Kugombana na adui kuna raha yake. Lakini kugombana na mtu unayemtetea, aisee, kunachosha mpaka mifupa.

Mwanasheria alitazama saa. "Dada, tusipotezeane muda. Mama hakuwahi kujali mambo ya picha. Wala mambo yetu." Aliinuka, akaangua picha moja ukutani, akamwekea Bi Swali mapajani. "Siku naanza shule. Baba kanishika mkono. Shangazi kabeba mkoba. Mama yuko wapi? Hakuja. Ninayoyakumbuka ya utotoni ni haya ya ukutani, na humo ndani yeye hayumo. Sijawahi kumuuliza. Lakini usije leo ukaniambia..."

Mtu mzima na mvi zake, bado ananuna kama wa darasa la kwanza.

"Sikuja?" Mjane alikuwa ameshasimama. "Sikuja wapi, wewe mtoto? Nilipiga magoti kwenye vumbi la shule yenu, kwa sababu ulikuwa kadogo, na ulikuwa unalia. Nikakutolea ulimi ndipo ukacheka. Hebu jitazame macho! Hapo unamtazama nani?"

Mwanasheria aliichukua picha. Mtoto aliyekuwemo hakumtazama baba wala shangazi. Machozi hayajakauka, alikuwa akimchekea mtu aliyekuwa mbele yake, chini, karibu kabisa.

"Miaka yote hiyo," alisema mjane, na sasa alikuwa analia kwa hasira, "umeninunia kwa sababu nilikuwa napiga picha?"

Bi Swali alitelezesha karatasi ya idhini mezani, na mwanasheria, mtu wa kusoma kila nukta, akatia sahihi bila hata kuitazama. Kisha akaenda ukutani, akaanza kuziangua nyingine.

"Hii ya hospitali, nilipovunjika mguu?"

"Nilikuwepo."

"Na hii tunahama nyumba?"

"Zote, mwanangu," alisema mjane. "Zote ambazo simo, nilikuwepo."