Wimbo wa Sita wa Bwana Sauti

Fundi wa nguo hakumpenda shemeji yake hata chembe, wala hakuficha. Na nani angempenda? Huyo mume wa mdogo wake alijipachika mwenyewe jina la Bwana Sauti. Alifika kwa watu amechelewa, akachagua kiti kizuri, akaanza kujimwagia sifa kabla hajasalimia. Hata akikohoa, alisubiri makofi.

"Nyimbo zake?" fundi aliwaambia ndugu zake wote. "Mimi na nyimbo zake ni mbali kabisa. Bora nisikilize cherehani."

Basi ukweli ni huu: kila alipofunga mlango wa chumba chake cha kushonea, fundi huyohuyo aliwasha spika yake ndogo, akasikiliza albamu ya Bwana Sauti mwanzo mpaka mwisho, bila haya. Wimbo wa sita ndio uliomkosha roho. Ulikuwa wa taratibu, gitaa moja na sauti moja, wa mtu anayengoja mlango wake ugongwe. Akiusikia, hata pindo la pazia lilinyooka lenyewe. Ilimuuma sana kwamba Mungu, katika makoo yote aliyoumba, zawadi ile aliitia kwenye lile.

Asubuhi moja Bwana Sauti alikuja kujaribu koti lake la jukwaani. Fundi aliwahi kuzima spika, maana jamaa alianza kujitangaza tangu barabarani.

"Shemeji! Leo una bahati, unanivisha mimi!"

"Simama wima," fundi alisema, akabana pini kadhaa kwa midomo na kuanza kukunja mkono wa koti.

Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na Bwana Sauti aliitumia nafasi hiyo ipasavyo. Alisimulia alivyoshangiliwa huku na kule. Kisha akasema albamu inatolewa upya, na ile ya zamani inafutwa mtandaoni kote. Huko mtandaoni ndiko fundi alikokuwa akiisikiliza.

"Ule wimbo wa sita nautupa," alisema. "Umepoa mno, hausikilizwi na mtu. Naweka wa kucheza. Kiitikio ni jina langu tupu, mwanzo mwisho!"

Mikono ya fundi ilisimama. Akinyamaza, wimbo umekwenda. Akisema, mtu huyu atamtambia maisha yake yote. Akazitema pini kiganjani.

"Usiuguse."

"Nisiguse nini?"

"Wimbo wa sita. Hujawahi kuimba kitu kizuri kama kile. Nausikiliza kila siku, tangu ulipotoka. Haya, cheka."

Bwana Sauti hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwao, alisahau kujisifu.

"Kweli, shemeji? Wewe?" aliuliza taratibu. "Ule niliuimba mara moja tu, nikauonea aibu."

Kidogo tu fundi ampende. Lakini jamaa alikuwa ameshachomoa simu kwa mkono uleule wa koti lililokunjwa nusu.

"Mke wangu! Si nilikwambia? Dada yako ananisikiliza kwa siri!"

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Kaka zake walimpigia simu, na badala ya salamu wakamwimbia. Fundi alitamani ardhi ipasuke, ingawa hata yeye alishindwa kujizuia kucheka.

Albamu mpya ilipotoka, alifunga mlango akaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa sita. Ulikuwepo. Ila kabla ya gitaa ilitangulia sauti aliyoifahamu sana:

"Huu ni wa shemeji yangu fundi, shabiki wangu namba moja, aliyejifanya hanitaki! Bwana Sauti hapa! Mnanisikia?"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi ameshapata dawa. Maneno hayo yakianza, anakanyaga cherehani kwa nguvu zote, inanguruma mpaka mwenyewe amalize kujisifu. Kisha anatoa mguu, na gitaa linaingia.