Pasi ya Karibu na Dirisha

Asubuhi ile Kitinda alikuwa anapiga mswaki uani, jicho moja kwa kaka yake aliyekuwa anameza kidonge. Alikimeza haraka, mgongo kaupa mlango, kama mtu anayeiba sukari. Nyumba nzima siri ile waliijua wawili tu: kaka ana sonona, na leo Alhamisi anatakiwa kliniki.

"Mama akijua ataniombea mpaka nikome," aliwahi kusema, wakacheka.

"Utaenda?" Kitinda aliuliza, povu mdomoni.

"Bosi hatoi ruhusa."

"Mwambie unaumwa."

"Naumwa nini? Jino?"

Kaka alikuwa dobi. Kazini walimwita Mstari, maana suruali aliyoinyoosha yeye ungeweza kukatia mkate. Pasi yake ilikuwa ile ya karibu na dirisha. Ila asubuhi hasemi na mtu mpaka mashati kumi ya kwanza yaishe. Mashati hayo ndiyo yaliyomvuta kutoka kwenye shimo aliloamkia. Wenzake walidhani anaringa.

Kitinda, ambaye darasani hata kunyoosha kidole anatetemeka, siku hiyo alipita kazini kwa kaka kabla ya shule. Bosi, mama mwenye sauti ya kengele, alikuwa anapanga henga.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini?"

Kitinda akajikaza kisabuni. Akayasema yote kwa pumzi moja: sonona, vidonge, kliniki.

Bosi akashika kifua. "Maskini wa Mungu! Na mimi nilidhani ni kiburi. Umefanya vizuri kuniambia. Akija tu, ruhusa anayo."

Siku nzima Kitinda alitembea kama amekua sentimita mbili.

Jioni alimkuta kaka amekaa uani, viatu bado mguuni.

"Umemwambia."

"Nilitaka upate ruhusa."

"Nimeipata. Jumla." Hakupandisha sauti. "Eti mtu wa vidonge vya kichwa hashiki pasi ya moto, nitamuunguzia duka. Kanibembeleza kama mtoto, mbele ya watu. Mmoja akaniondolea mkasi mezani, polepole, akidhani sioni."

"Lakini hujawahi kuunguza hata leso!"

"Kamwambie yeye. Si shoga yako?"

"Na kliniki?"

"Sikwenda. Nimetembea tu."

Mama akauliza kutoka jikoni, "Mnagombania nini nyie?"

"Hakuna kitu, mama," wakajibu pamoja.

Kesho yake kaka akahamia kwa rafiki yake, na begi moja. Mama akasema vijana wa siku hizi wavivu, kazi nzuri kaitupa.

Jumatatu Kitinda alipita kwa dobi. Kwenye pasi ya karibu na dirisha alisimama mtu mpya, anapiga mluzi, shati limeungua kola. Bosi akampungia mkono.

"Kaka anaendeleaje, maskini?"

"Vizuri," Kitinda akajibu, akajichukia mpaka nyumbani.

Alipofagia chumba cha kaka ndipo akaiona pakiti nyuma ya kabati. Imejaa nusu. Akaihesabu mara mbili, kisha akakaa chini, simu mkononi, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Kaka, vidonge umeviacha. Siku ya nne leo. Nisamehe baadaye ukitaka, ila niambie uko wapi nikuletee."

Alama mbili zikageuka bluu. Kasoma.

Akaiweka simu sakafuni, mbele ya magoti yake, akaiangalia mpaka kioo kikazima chenyewe.