Kishika Uchumba cha Bi Mardhiya

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile Bi Mardhiya alipopanda hadi fleti ya akina Haifa, Woolwich, kuja kumposea mwanawe Muhsin. Hata viatu hajavua, keshasema ngazi zinanuka. Alipozionja sambusa, akauliza zimenunuliwa duka gani.

Haifa aliyameza yote. Alimtaka Muhsin, na siku ya posa binti hasemi, husemewa. Mdomo wake siku hiyo alikuwa shangazi yake, Bi Miska.

Bi Mardhiya akafungua leso. Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha, imetobolewa na kutiwa mkufu.

"Wengine hutoa pete za dukani. Hii ni ya Venisi, ina miaka mia saba, na imo katika ukoo wetu tangu na tangu. Sisi ni watu wa asili. Nyinyi mmechanganyika mno, lakini mtoto kashikilia, nifanyeje?"

Bi Miska akaisogeza sarafu machoni. "Na huyu aliyekaa kitini?"

"Nabii Issa."

"Lo! Naye kaja kuposa?"

Haifa hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuzitambua sarafu za kale katika nyumba moja ya mnada. Akaichukua, akaigeuza. Wavenisi walimchora mtakatifu wao Marko akimkabidhi mtawala bendera. Hapa alisimama mtakatifu Stefano, mlinzi wa wafalme wa Serbia, majirani walioiga sarafu ya Venisi kwa kila kitu, ila fedha wakaipunguza.

"Hii si ya Venisi," akasema. "Ni ya Serbia. Ni ya kuiga."

Bi Miska akamfinya paja.

"Ebo! Mchumba anasema?" Bi Mardhiya alikuwa keshasimama. "Tena ananiita mwongo mbele za watu!"

"Nakwambia ulichokileta, mama. Ni ya kale kweli, na ni nzuri. Kuiga si aibu. Aibu ni kuja na cha kuiga mkononi, kisha utupime sisi asili yetu."

"Muhsin! Unamsikia?"

Muhsin alikuwa mlangoni, macho kwenye zulia. "Haifa, sisi tunajua. Aliyetuuzia mwaka jana alituambia ni ya Serbia. Mama alitaka tu ipendeze. Omba radhi, yaishe."

Haifa alihisi kitu kikimkatika kifuani, taratibu, kama uzi. Muhsin alijua, na bado alikuwa akimtaka yeye ndiye ainame.

"Radhi," Bi Mardhiya akasema, mkono kaunyoosha, "au leso inarudi mkobani."

"Neno moja tu, mwanangu," Bi Miska akanong'ona. "Biriani iko jikoni."

Haifa alimtazama Muhsin mara ya mwisho. Hakuinua uso. Basi akaitua sarafu katika kiganja cha Bi Mardhiya.

"Siombi radhi," akasema. "Kwako siombi, na kwa mwanao siombi."