Mkono Juu ya Mfalme

Jumamosi, tarehe 15 Agosti 1987. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na manyunyu, na ukungu ulikuwa umefunika vilima vya Chyulu hata watalii waliokuja hotelini kupiga picha wakabaki wakinywa chai tu. Ukumbini, mashindano ya chesi ya kimataifa yalikuwa yamefika siku ya mwisho. Walikuwepo Wahindi, Waganda, Wajerumani, na mama mmoja wa gumbaru, darasa la kisomo cha watu wazima, kutoka Migwani, mwenzetu Syokau.

Syokau alikuwa ameshindwa kila mchezo. Ulibaki mmoja. Darasa letu la jioni hukutana katika chumba cha kanisa, na mzee Musyoka, mwenye ufunguo, hakuipenda chesi. Aliiita kamari ya wavivu. Alituambia wazi, "Akirudi mikono mitupu, mbao zenu za chesi mtazitoa katika nyumba ya Bwana." Kisha akaandamana nasi ili ajionee mwenyewe.

Mpinzani alikuwa Aftin, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Garissa.

"Mama, hiyo ngome yangu unaiangalia kama mbuzi wa Krismasi."

"Natafuta kisu tu," Syokau akajibu.

Mwamuzi akawanyamazisha.

Alasiri Aftin akakosea. Alicheza haraka, akainuka kwenda kuswali, na ngome yake ikabaki bila mlinzi. Malkia wa Syokau angeila, na mchezo ungekuwa wake. Mimi niliona. Hata Musyoka, niliyekuwa nikimweleza kwa kunong'ona, aliona.

Sasa, sisi wa Migwani tuna desturi yetu. Kabla ya hatua kubwa tunaomba, na kama tunavyomwekea mgonjwa mikono kanisani, ndivyo tunavyomwekea mfalme wetu mkono kichwani. Hakuna aliyewahi kutukataza. Syokau akafumba macho, akaweka mkono juu ya mfalme, akamshukuru Mungu.

Alipofumbua macho, mkono ulikuwa bado pale. Akautazama. Sheria tulisomewa siku ya kwanza: ukishika kete, lazima uicheze hiyo hiyo. Mwamuzi alikuwa meza nyingine. Aftin hakuwepo.

"Kula ngome, mwaitu," Musyoka akanong'ona, akimwita mama kwa Kikamba, lakini mnong'ono wake ulifika hadi dirishani. "Kula!"

"Nimemshika mfalme, mzee."

"Lakini ulikuwa unaomba!"

"Ndiyo. Na niliyekuwa nikizungumza naye aliuona mkono wangu."

Akamsogeza mfalme. Aftin akarudi, akaikuta ngome yake ingali hai, akaiondoa upesi. Haikuchukua muda, mfalme wa Syokau akazingirwa. Wakapeana mikono.

"Mama, mbona hukuila?"

Syokau akamweleza. Aftin akacheka, halafu akaacha kucheka. Akamgeukia Musyoka. "Mzee, ningekuwa mimi, ningeila na vidole nikalamba."

Musyoka alikuwa akipapasa ufunguo mfukoni. "Nilisema ni kamari," akasema polepole. "Mcheza kamari hafanyi hivi. Chumba ni chenu. Lakini wewe, mwaitu, simama uahidi mbele ya watu, maana roho yangu haiwezi kudunda hivi mara ya pili."

Syokau akasimama, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Aftin, mwamuzi na Wajerumani wawili wakageuka kumsikiliza.

"Mimi Syokau," akasema kwa sauti, "mbele za Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: mwaka ujao nitaomba nikiwa nimekalia mikono yangu."